Kanali Amelala Mchana

Bwenini, Jumapili, 19 Januari

Kwako Fundi,

Nimefika. Sanduku limefika, godoro limefika, ndoo tu ndiyo imeng'oka mpini njiani. Kitanda changu ni kilekile cha mwaka jana, karibu na mlango, kinachopitiwa na kila mtu anayekwenda msalani.

Sikukuaga vizuri pale stendi. Kondakta alikuwa anapiga kelele mlangoni na mimi nilikuwa nawawaza vinyonga. Najua hatujawahi kuandikiana, mimi na wewe. Tangu uolewe na Baba mwaka jana nimekaa huku shuleni kuliko nyumbani, na nikiwa nyumbani huwa ninaongea na Baba, wewe unakuwa karakanani na madirisha yako. Lakini simu hapa ni marufuku, na Baba na lori lake hawajulikani walipo, kwa hiyo umebaki wewe.

Unajua jinsi tulivyowapata. Yule jirani mpiga picha alihama kwa haraka, akatuachia Kanali na Kofia kwenye katoni, na maelezo yake yote aliyatoa mguu mmoja ukiwa ndani ya gari: wanakula wadudu, wape maji, usiwashikeshike. Halafu shule ikafunguliwa. Hata sijawazoea, na wao hawajanizoea.

Ile nyumba ya kioo uliyowatengenezea ni nzuri kuliko kitu kingine chochote chumbani mwangu. Siku ile nilisema asante lakini niliisema haraka. Naisema tena hapa, polepole.

Baba usimwombe msaada. Mtu anashuka milimani na lori la matairi kumi na nane huku anapiga mluzi, akimwona Kofia anapanda juu ya kiti.

Ombi langu ni moja. Kila asubuhi watazame kidogo, halafu uniandikie ulichokiona, hata kama kwako hakina maana.

Ni mimi,
Njiti


Nyumbani, Jumatano, 29 Januari

Njiti,

Barua yako nimeisomea karakanani, mteja amesimama anasubiri dirisha la jikoni. Nikamwambia asubiri, naandikiwa na mtu mkubwa.

Kwanza habari njema: Kanali amenizoea. Siku za mwanzo nikifungua kifuniko alikuwa anajivimbisha, anaachama mdomo, anafoka kama birika. Sasa hivi hana neno. Naingiza mkono anapanda mwenyewe, tena taratibu, kama bwana harusi. Juzi nimekwenda naye kazini begani. Watu walijaa mlangoni, wengine wakajifanya wanauliza bei ya milango.

Mchana analala. Nikimgusa anafumbua jicho moja, ananiangalia, analifumba. Kabisa baba yako siku ya kurudi safari. Ile kijani yake ameivua, siku hizi anavaa kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, nadhani anafuata rangi ya lile tawi nililomwekea. Macho naona yamedidimia kidogo. Ana umri gani huyu? Labda ni mzee.

Kofia yeye ni mtu wa mazoezi. Kutwa anapanda kioo, anateleza, anapanda tena. Ana bidii kukuzidi.

Maji nimewawekea kwenye sahani ya chai, nabadilisha kila siku, lakini sioni kama yanapungua. Kinyesi chao kilikuwa na sehemu nyeupe, sasa cha Kanali imekuwa rangi ya chungwa. Nadhani ni wale panzi wa njano. Ingawa panzi wenyewe wiki hii hawaliwi sana, jana mmoja alimtembelea Kanali miguuni mpaka akachoka akaondoka.

Nyumba yao nimeisogeza dirishani wapate jua kuanzia asubuhi. Kioo nakipangusa kila siku, hakina hata doa.

Umesema niandike hata kisicho na maana, ndiyo hayo. Kula vizuri. Na ndoo nitakuletea mpini, usinunue nyingine.

Fundi


Bwenini, Jumatatu, 3 Februari

Fundi,

Kanali hajakuzoea. Kanali anaumwa.

Usinielewe vibaya. Hujakosea. Uliyoyaandika ndiyo hasa niliyokuomba uyatazame, na bila macho yako tusingejua kitu. Nilipomaliza kusoma nilikwenda na barua yako kwa mwalimu wa baolojia. Aliisoma amesimama koridoni anacheka, alipofika pale pa "mchana analala" akavua miwani. Akaniingiza ofisini, akatoa kitabu cha wanyama watambaao, tukakaa nacho mpaka kengele ya michezo.

Kinyonga mzima halali mchana. Macho yake yanazunguka kutwa nzima, moja huku, jingine kule. Akiyafumba jua likiwa juu, ujue mwili umezidiwa. Na rangi haifuati tawi. Hata mimi nilikuwa naamini hivyo, lakini mwalimu anasema zaidi inafuata hali yake. Kushinda na kahawia iliyokolea ni hofu, au baridi, au maumivu. Macho kudidimia na ule weupe kugeuka rangi ya chungwa ni kiu. Hanywi kwenye sahani, kwa sababu hajui kwamba yale ni maji. Anakunywa matone yanayotiririka juu ya majani.

Na kule kukubali kushikwa si upole. Hana nguvu za kukukataa. Alipokuwa anakufokea alikuwa mzima.

Kofia naye hafanyi mazoezi. Anatafuta pa kutokea. Hawa si kama kuku, hawapendi kukaa wawili, kila mmoja akimwona mwenzake anashinda roho juu. Mimi ndiye niliyetaka wakae pamoja wasije wakawa wapweke. Ule upweke ulikuwa wangu, si wao.

Tafadhali watenganishe leo hii. Wapeleke nje mchana, kwenye kile kichaka cha waridi nyuma ya nyumba, chini ya macho yako, kivuli upande mmoja na jua upande mwingine, wachague wenyewe. Nyunyizia majani maji mpaka yadondoke. Usimpeleke tena kazini. Na Kanali umpeleke kwa daktari wa mifugo.

Nilimwomba mlezi wa bweni simu nikupigie. Akauliza, "Nani mgonjwa?" Nikasema kinyonga. Akasema simu ile ni ya wagonjwa wenye majina. Nikamwambia ana jina, anaitwa Kanali. Nimepewa ukumbi mzima niufagie.

Kuna jambo lingine nimelisoma lakini bado sijalielewa vizuri. Hilo tutaongea.

Njiti


Bwenini, Jumatatu, 3 Februari

Baba yangu mpendwa,

Naituma hii ofisini kwenu, kwenye yadi ya malori, ili uikute kabla hujafika nyumbani. Isome peke yako.

Kanali anaumwa, na kinachomuumiza ni ile nyumba ya kioo. Nimesoma na mwalimu ukurasa kwa ukurasa. Kinyonga ndani ya kioo anajiona mwenyewe, anadhani kuna mwingine amemvamia, na hana pa kukimbilia. Hewa haipiti, unyevu unakaa, mapafu yanaharibika. Jua la dirishani linamchemsha, na ile nguvu ya jua inayojenga mifupa haipiti kwenye kioo. Yaani kila kilicho kizuri pale ni kibaya kwake.

Fundi sijamwambia. Baba, wewe hukuwepo wiki ile. Hata Jumapili hakupumzika. Aliisugua kingo zake kwa msasa mpaka ukipitisha kidole hukioni kioo kinapoishia. Nitamwambiaje?

Nimefikiri hivi. Ukifika mwambie kuna rafiki yako anatafuta tangi la samaki kwa shida kubwa. Alichukue. Halafu umwombe Fundi atengeneze kizimba cha fremu na wavu, useme ndicho ulichokiona mahali safarini. Atakitengeneza kwa siku moja, na hatajua kamwe.

Wewe ni mtu mzima, uongo mdogo kama huo hautakushinda.

Mwanao,
Njiti


Nyumbani, Jumapili, 9 Februari

Njiti,

Barua imefika. Nimefanya ulivyosema. Kofia yuko kwenye kapu la nguo lenye matundu, chumba kingine. Maji nanyunyizia. Mchana wanakaa kwenye waridi, nami nakaa nao.

Kanali nimempeleka kwa daktari wa mifugo. Ametupokea vizuri. Amesema tusubiri.

Wewe soma. Mitihani ya majaribio si mwezi ujao? Mambo ya huku niachie mimi.

Umesema kuna jambo hujalielewa. Ukilielewa niambie.

Fundi


Yadi ya malori, Ijumaa, 14 Februari

Mwanangu Njiti,

Naandika nikiwa kwenye kabini, wanapakia mbao nyuma, kwa hiyo mwandiko ukitikisika si pombe.

Kazi uliyonipa imenishinda. Nilifika Jumatatu mchana, nikanywa maji, nikajikohoza, nikaanza. Nikasema, "Kuna jamaa yangu anatafuta tangi la samaki." Mke wangu alikuwa anapima bomba la alumini, wala hakuinua kichwa.

"Jamaa gani?"

"Wa pale kwenye mizani."

"Anafuga samaki gani?"

"Wa kawaida."

"Samaki wa kawaida," akasema. Akaweka kalamu yake sikioni. "Mume wangu, unashusha mzigo vizuri kuliko unavyosema uongo. Njiti amekutuma nini?"

Nikatoa barua yako mfukoni nikampa. Nisamehe. Ungekuwa wewe, ungeona yale macho, na wewe ungetoa.

Aliisoma mpaka mwisho, akairudia tena mwanzo. Nikaona nijieleze, nikasema wewe hukutaka kumuudhi. Akasema, "Nilishaona Kanali anapigana na mtu asiyekuwepo. Saa ya jioni, taa ya ndani ikiwaka, kioo kinageuka cha kujitazamia. Nimebandika magazeti upande wa ndani nikadhani nimemaliza. Kazi yangu ni vioo, na hata mimi nilibandika magazeti." Halafu akauliza, "Mlidhani nitafanya nini? Nitalia?"

Akaingia chumbani mwako, akalitoa lile tangi mlangoni peke yake, nilipotaka kushika akanikataza. Akaanza kulipasua kwenye maungio kwa kisu cha kukatia gundi ya silikoni. Kesho yake asubuhi alikuwa tayari anakata fremu, mimi nikashika upande wa pili wa wavu. Wale wanyama wako walikuwa mezani kwenye makapu yao, na mimi nimekula mkate meza hiyohiyo. Uandike hilo mahali.

Sasa nikuambie ambalo yeye hakukuambia. Hali ya Kanali ni mbaya kuliko ulivyoandikiwa. Anapumua amenyanyua kichwa juu, na mdomoni panatoka povu. Anapewa dawa kila asubuhi. Mtu mmoja hawezi, lazima mmoja amshike na mwingine afungue mdomo. Niliyemshika siku tatu hizi ni mimi, nimevaa glovu za kuchomelea mpaka viwikoni. Leo naondoka, sijui atashikwa na nani.

Mwandikie. Usimwandikie kuhusu kinyonga tu.

Baba yako


Bwenini, Jumanne, 18 Februari

Fundi,

Baba ameniandikia, na najua ulisoma barua isiyokuwa yako. Afadhali.

Sikukuficha kwa sababu nakuona mgeni. Ile wiki ulipokuwa unapima, nilikuwa nimekaa kitandani najifanya nasoma. Ulipima ukingo wa dirisha, ukapima meza, ukaniambia nisimame ukapima nafika wapi nikinyoosha mkono, ili kifuniko nikifikie bila kupanda kiti. Tangu Mama afariki, vitu vyangu vyote vimekuwa vya dukani au vya binamu waliokua. Hakuna mtu aliyekuwa amenipima. Halafu nakuja kusoma kwamba kitu hichohicho ndicho kinachoua. Nilishindwa kuandika sentensi hiyo. Nilijaribu, Fundi. Nilichana karatasi mpaka jirani wa kitanda akaniuliza kama naandika kwa mvulana.

Nilidhani ukijua utasema, basi, mimi na mambo ya mtoto huyu hatupatani, na utarudi karakanani kwako.

Sasa na mimi nakuomba usinifiche. "Amesema tusubiri" si wewe. Barua yako ya kwanza ilikuwa na kelele za karakana nzima, ya pili ilikuwa kama mtu anayenyata. Mtihani nitaufanya nikijua na nitaufanya nisipojua. Nisipojua ndiyo vibaya zaidi, kwa sababu nawaza yote kwa pamoja.

Niambie kama Kanali yupo.

Njiti


Nyumbani, Jumapili, 23 Februari

Njiti wangu,

Kanali yupo. Nimeanza na hilo ili usiruke mistari.

Sasa yote. Siku ile tulikaa foleni kati ya mbuzi mwenye kwato mbovu na kuku wa mama mmoja. Daktari ni kijana, ametoka chuo juzijuzi. Nikamfunulia kapu. Akatazama, akakuna shingo.

"Mama, huyu nilimsoma chuoni ukurasa mmoja. Na siku ile nilikuwa na homa."

"Basi tuanze na huo ukurasa," nikamwambia.

Hakujifanya anajua, na hilo nimelipenda. Alimpigia mwalimu wake wa zamani papo hapo, akaweka simu mezani wakawa wanaulizana, mimi nashika taa. Macho yamedidimia kiasi gani? Ukimweka kwenye kijiti anakishika kwa nguvu? Ukimsogezea kidole mbele ya jicho, jicho linafuata? Kila swali jibu lilikuwa baya. Mapafu yamejaa, maji yamepungua mwilini, na mifupa imeanza kulegea, mguu wa mbele umepinda. Alimpa maji kwa bomba la sindano, tone kwa tone, akanipa dawa. Tulipokuwa tunatoka akasema, "Ukirudi wiki ijayo bila yeye, nitaelewa." Mimi nikasema, "Mimi sitaelewa."

Ndiyo hilo "tusubiri" nililokuandikia. Nilitaka ufanye mtihani wako kwa amani. Kumbe nilikuwa nafanya kilekile ulichonifanyia wewe.

Nikuambie na hili, tumalize. Iliniuma. Kioo hakikuniuma, kioo kikikatwa vibaya hukatwa upya, sijawahi kulilia kioo. Iliniuma kwamba wewe na baba yako mlikaa mkala njama ya kunizungukazunguka, kama mimi ndiye nitakayevunjika. Mimi si mtu wa kuzungukwa, Njiti. Nilikuwa msichana wa kwanza kushika msumeno wa alumini pale nilipojifunzia kazi, na kila kipimo nilichokosea niliambiwa mbele ya watu wote. Nikiambiwa natengeneza upya. Nisipoambiwa ndiyo natengeneza kosa lilelile mara ya pili. Siku nyingine niambie siku hiyohiyo, hata kwa mistari miwili.

Kizimba kipya ni cha fremu nyembamba na wavu pande zote, kirefu kuliko wewe, kwa sababu daktari amesema mnyama huyu anapojiona yuko juu ya watu anatulia. Viko viwili, cha Kofia kiko upande wa pili wa nyumba ili wasionane. Nimepanda ndani mmea wenye majani mengi. Juu nimeweka chupa yenye tundu dogo, inadondosha tone, linapita jani hadi jani. Mara ya kwanza Kofia alipoliona alilitazama kwa jicho moja, akalitazama kwa jicho la pili, halafu akatoa ulimi akanywa mpaka nikaogopa atapasuka. Siku mbili tu baadaye alikuwa kijani kama jani changa. Yeye simhofii tena.

Asubuhi na alasiri vizimba viko nje, juani. Miaka yote hii nauza madirisha ninawaambia watu yanaingiza jua. Sikujua kwamba kuna sehemu ya jua inayobaki upande wa nje.

Kanali ndiye mwenye shida. Jumatano nilimkuta chini, ameanguka kutoka tawini, ubavu mmoja mweusi, mwingine umepauka, mwili baridi. Nilidhani yamekwisha. Nilimweka kwenye kiganja nikatoka naye juani. Nimekaa hapo kwenye kizingiti nimeshika mnyama ambaye mwaka jana nikimwona barabarani ningevuka upande wa pili, ndiyo, na mimi nilikuwa nawaogopa, baba yako asijue. Wateja wawili walikuja, nikawaambia leo hapana. Baada ya muda mrefu mkia wake ukajikunja kwenye kidole changu. Hafifu, lakini ulijikunja.

Tangu siku hiyo nimehamishia meza ya kukatia nje, karibu naye. Mashine inayopiga kelele nimeipeleka nyuma ya ukuta. Dawa ya asubuhi ananishikia yule mama wa kuku, tulifahamiana kwenye foleni. Yeye haogopi chochote, anasema amelea watoto sita wa kiume.

Sijui kama atapona. Ninalolijua ni kwamba kesho asubuhi atapata dawa, na keshokutwa, na siku inayofuata. Hapo ndipo nilipofika.

Sasa kafanye mtihani.

Fundi


Nyumbani, Alhamisi, 6 Machi

Njiti,

Haraka haraka, mteja yupo.

Leo asubuhi nimefungua kizimba kumpa dawa. Alikuwa tawi la juu kabisa, macho yote mawili wazi, moja linaniangalia mimi, jingine linamwangalia nzi. Nikapeleka mkono. Akajivimbisha ubavuni, akabadilika akawa na mistari ya manjano na kijani ambayo sijaiona tangu tumpate, akaachama mdomo, akafoka. Nikasema, bwana wee, dawa ni dawa. Akaning'ata kidole.

Si kidogo. Ameshika na hakuachia mpaka mama wa kuku alipompulizia usoni. Nimebaki na alama kama ya koleo.

Nimempigia daktari. Nikamwambia ameniuma. Nikamsikia anawaambia watu waliokuwa ofisini kwake, "Kinyonga wa Mama Dirisha ameuma mtu," na wote wakashangilia. Kumbe wanamfuatilia.

Amekula nyenje wanne. Kinyesi cheupe. Mguu wa mbele utabaki umepinda, daktari amesema huo tusahau, lakini anaushikia tawi vizuri tu. Dawa inaendelea mpaka iishe. Simshiki tena isipokuwa kwa dawa, na dawa ikiisha simshiki kabisa. Namtazama. Inatosha.

Baba yako kasema akirudi atakaa naye meza moja bila glovu. Tutaona.

Fundi mwenye kidole kimoja pungufu kwa muda


Bwenini, Jumatano, 12 Machi

Fundi,

Barua yako niliipokea wakati wa chakula, nikaisoma kwa sauti, meza nzima ikaacha kula. Mwalimu wa baolojia ameiomba aisome darasani, ile sehemu ya kidole. Nimemkubalia. Kwenye klabu yetu ya wanyama hapa shuleni tumeanza kujifunza mambo ya kutazama: mwili, macho, mshiko, rangi, kinywaji, kinyesi. Kila mnyama anayekuja nyumbani kwa mtu, wiki za mwanzo unamtazama hayo kabla hujaanza kumpenda kwa mikono. Mwalimu ameandika ubaoni kwamba aliyezoea haraka mno atazamwe mara mbili.

Mtihani nimefanya. Baolojia nadhani nimefanya vizuri. Hesabu nadhani hapana. Unaona, nakuambia siku hiyohiyo.

Kofia akianza kukwaruza chini ya kizimba kama anayechimba, mwekee ndoo yenye mchanga mbichi wa kina kirefu, kisha umwache peke yake. Huenda ana mayai. Nimelisoma leo, sijalala nalo.

Sasa jambo lingine. Siku ya wazazi ni Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa. Baba atakuwa safarini, nimeshahesabu safari zake. Miaka iliyopita, akiwa safarini, nilikuwa nakaa siku hiyo maktaba na wenzangu wasiokuwa na wageni. Jana mlezi wa bweni alipita kitanda hadi kitanda anauliza nani atakuja. Nikasema, "Fundi."

Akaniangalia. "Fundi gani?"

"Fundi wa nyumbani kwetu."

"Kwani mmeharibikiwa na nini?"

Bweni zima likacheka. Zamani ningeona aibu nikasema basi, hakuna anayekuja. Nikasimama. Nikamwambia, "Hatujaharibikiwa na kitu. Ni mzazi wangu."

Akaandika.

Njoo na nguo zako za kazi kama umetoka kazini, mimi sijali. Geti linafunguliwa saa tatu. Uwahi, maana viti vya mbele vinakaliwa mapema, na nataka ukae mbele.

Ni mimi,
Njiti